Mzee Stani Aonje Kwanza

Naandika haya kwa ajili ya mtu ambaye baba yake, au mume wake, ameanza kunywa funda la maji baada ya kila tonge. Kama kwenu yupo, acha kusoma, mpeleke hospitali kwanza. Haya utayakuta hapahapa ukirudi. Anayeendelea kusoma asidhani nimeandika kwa moyo mweupe. Paroko wetu alinishauri nisubiri hasira ipoe. Nimesubiri, mvua zimekuja na kuondoka mara mbili, haijapoa, na nimechoka kuisubiri.

Baba aliitwa Gervas. Alizaliwa Mabawe, wilayani Ngara, akafia Mabawe, na katikati alikwenda mbali mara mbili tu: mara ya kwanza vitani, mara ya pili Mwanza kwenye mionzi. Vita vya Kagera vilimkuta kijana wa mgambo. Alirudi na vitu viwili, mkanda wa kijeshi na rafiki. Mkanda aliuvaa kila siku ya maisha yake. Rafiki aliitwa Stanislaus, sisi watoto tulimwita Mzee Stani, na shamba lake lilipakana na letu kwa mstari mmoja wa mibuni.

Sitaki kumfanya Baba malaika. Alikuwa mkaidi, na alikuwa na tabia ya kunyamaza pale alipopaswa kusema. Mtaona ilitufikisha wapi. Lakini kwa familia yake sijaona mfano. Alikuwa na kamba ya katani yenye mafundo sita, kila fundo ni urefu wa mguu wa mtoto mmoja. Kila Januari alitupima upya, akasogeza mafundo, akaenda mnadani na kamba mfukoni, na hakuna kati yetu aliyewahi kuvaa kiatu cha kumbana. Jumapili jioni alipiga pasi ya mkaa sare zetu zote, mikunjo imesimama kama ya gwaride, na Jumatatu asubuhi alitupanga mstari akakagua masikio. Mama alisema hakuolewa na mwanamume, aliolewa na kambi. Mimi ni wa mwisho, Yusta. Nilipewa jina la mama yake, kwa hiyo aliniita mama. Alinipeleka chuo kikuu akitegemea nitarudi na majibu. Nilirudi na maswali, na yeye ndiye peke yake nyumbani ambaye hakuchoka kuyasikiliza.

Ilianza msimu wa kuchuma kahawa. Nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, nakaa nyumbani nabishana na kila mtu kuanzia katekista hadi bwana shamba. Tukiwa tunakula ugali wa muhogo, Baba akasimamisha tonge, akajigonga kifuani kwa ngumi mara mbili, akanywa maji. "Limekaa," alisema. Kesho yake tena likakaa. Baada ya wiki tatu akawa anasema hana njaa, anasogeza sahani yake kwa wajukuu kana kwamba anawapendelea.

Kosa la kwanza lilikuwa langu, na naliweka mbele ili nipate haki ya kutaja ya wengine. Nilisoma kwenye simu, nikaamua ni vidonda vya tumbo, nikamnunulia vidonge duka la dawa. Nilimpa vidonge hivyo asubuhi na jioni kwa miezi miwili, na kila alipolalamika nilimwambia avumilie, dawa huchukua muda. Siku moja nilimkuta ameketi nyuma ya jiko na msumari uliopashwa moto mpaka ukawa mwekundu. Alikuwa anatoboa tundu jipya kwenye mkanda. Hilo lilikuwa tundu la kwanza. Tangu siku ile sikuhesabu ugonjwa kwa miezi, nilihesabu kwa matundu.

Ndipo akaja Shangazi Modesta, dada mkubwa wa Baba. Alimtazama Baba anavyomeza uji, shingo imenyooka kama kuku anayekunywa maji, akasema neno moja: kalishwa.

Kwetu mtu akikonda hivyo na chakula kikagoma kushuka, wengi hawaulizi anaumwa nini. Wanauliza alikunywa kwa nani. Ndiyo maana anayeleta pombe ya ndizi huonja kwanza mbele ya watu, anavuta funda moja kwa mrija, ndipo anampa mgeni kibuyu. Hata ndugu wa damu huonjeana. Shangazi alikunja mguu mkekani akaanza kuchambua: Gervas hunywa kwa nani? Kwa fulani, anaonja. Kwa fulani, anaonja. Halafu akauliza, taratibu, ni nani peke yake kijiji kizima ambaye humletea Gervas kibuyu bila kuonja?

Sote tulijua. Mzee Stani alikuja kila Jumapili baada ya misa, akaketi, akamkabidhi Baba kibuyu moja kwa moja mkononi. Na Baba alipoleta yeye, alifanya vilevile. Walikuwa na sababu, Baba alinisimulia nikiwa mdogo. Kule vitani waliambiwa visima vimetiwa sumu. Kiu ilipozidi walikubaliana kupokezana: leo Stani anakunywa kwanza na Gervas anasubiri kuona kama atakufa, kesho Gervas anakunywa na Stani anasubiri. Walifanya hivyo wiki nyingi. Waliporudi wakaapa kwamba kati yao hakuna atakayeonja tena chochote, kwa kuwa walishaonjeana vya kutosha. Kitu walichokifanya kwa kuaminiana kuliko mtu yeyote Mabawe ndicho Shangazi alichokigeuza kuwa ushahidi.

Baba alikuwepo pale. Alisikia kila neno, na hakusema kitu.

Jumapili iliyofuata Mzee Stani alikuja na kibuyu chake kama kawaida. Majirani walikuwa wengi kuliko kawaida. Shangazi alikuwa amepita nyumba kwa nyumba. Stani alipomnyooshea Baba kibuyu, Shangazi akasema, "Leo onja."

Mzee Stani alicheka, akidhani ni utani. Kisha akaona nyuso za watu. Akamgeukia rafiki yake.

"Gervas, nionje?"

Baba alikuwa anatazama mkanda wake. Hakuinua kichwa. Nilisubiri aseme hapana, nilisubiri aseme chochote.

Ndipo Mzee Stani akanigeukia mimi. Akasema basi, yuko hapa msomi, asiyeamini mambo haya, ampokelee baba yake. Akaniwekea kibuyu mikononi. Nimesoma hadi chuo kikuu. Nilishaandika insha ndefu juu ya imani za sumu na jinsi zinavyovunja jamii, na mwalimu wangu aliisifia. Nilikishika kile kibuyu, nikasikia harufu tamu ya ndizi, na mdomo wangu ukasema, "Samahani mzee, niko kwenye dawa." Nikakiweka chini.

Alikiokota, akaenda kwenye migomba, akamwaga pombe yote kwenye shina, akaondoka na kibuyu kitupu. Tangu siku hiyo hakuna aliyenunua pombe kwa mke wake, aliyekuwa akiipika na kuiuza. Kabla mvua za kwanza hazijaisha walikuwa wamefunga nyumba na kuhamia Lusahunga.

Shangazi sasa alikuwa na nguvu zote. Alijua mtaalamu wa kutoa sumu, ng'ambo ya Lusahunga, upande wa Biharamulo, ambaye watu walimwita daktari. Jina lake silitaji hapa, na si kwa huruma. Nalitunza kwa mahali nitakapolitumia. Mama alikubali kwa sababu alikuwa anaona mumewe anakwisha. Mimi nilimsindikiza Baba, na nikiulizwa kwa nini mtu kama mimi nilikwenda, jibu la kweli ni kwamba kona moja ya moyo wangu ilikuwa inatumaini.

Tulikaa kwenye benchi refu chini ya paa la bati, watu wa kila aina, wengine wamefika tangu alfajiri. Mtaalamu alimpa Baba kikombe cha dawa ya kutapisha. Mtu ambaye maji yanapita kwa shida, unamtapisha. Alijikunja juu ya ndoo mpaka macho yakawa mekundu. Kisha mtaalamu akamkanda kifua, akaingiza vidole kinywani mwake, akatoa kitu cheusi kidogo chenye manyoya. "Hii hapa," alisema, "aliwekewa kwenye pombe." Nilikuwa nimemwangalia mkono tangu mwanzo, ulikuwa umefumbwa kabla haujaingia kinywani. Nikaomba nikishike. Akasema atakayekishika bila kinga atakufa. Alipokwenda kunawa nilikichukua kwa jani, na nyumbani nikakitia kwenye kopo tupu la mafuta ya kujipaka.

Mara hiyo ya kwanza tulirudi, na nilinyamaza. Sasa nilikuwa na ushahidi na nilinyamaza, maana Baba alisema anajisikia mwepesi na Mama alikuwa ameimba akipika. Tukaenda mara ya pili mbegu za maharage zikiwa ardhini, mara ya tatu maharage yakiwa yamevunwa. Mkanda ulikuwa na matundu manne. Mara ya tatu alitapika damu, na yule mtu akatuambia damu ni dalili kwamba sumu imeng'oka.

Tulipofika Lusahunga kutafuta gari la kurudi Ngara, nilimkalisha Baba kwenye kivuli cha kibanda cha mama mmoja anayeuzia madereva wa malori chai. Upande wetu wa barabara lilikuwepo basi la Ngara. Upande wa pili limesimama la Mwanza. Nilimwuliza Baba kama anaweza kuvuka barabara. Aliangalia lile basi kwa muda, akaangalia malori yanavyopita, kama anapima umbali.

"Mama, tunavuka kwa amri ya nani?"

"Yangu."

"Basi vuka," alisema, akaushika mkono wangu.

Nilimpigia Mama simu tukiwa tumeshapita Biharamulo. Shangazi alichukua simu akaniambia kama ndugu yake atafia njiani, damu yake iko juu yangu. Nilimwambia sawa, iwe juu yangu. Kisha nikazima simu.

Mwanza tulifikia kwa binamu yangu. Mtakaokwenda, jiandaeni: siyo ugonjwa unaochosha, ni kusubiri. Unasubiri kipimo cha kamera. Wanakata kinyama kidogo, unasubiri majibu ya kinyama. Unapata majibu, unasubiri daktari wa kuyasoma. Beba mkeka, beba chupa ya uji mwepesi, beba kitambaa cha mate, kwa sababu mgonjwa akishindwa kumeza hata mate yake hayapiti, na aibu ya mate humuumiza mzee kuliko maumivu yenyewe. Baba alikuwa anageukia ukutani kila alipotema. Yule mtu wa kukagua masikio ya watoto, mtu wa mikunjo ya gwaride, alinitazama siku moja akaniomba msamaha kwa sababu ametia doa shati.

Majibu yalisema saratani ya umio. Daktari alikuwa kijana kama mimi, alisema polepole na hakukimbiza macho. Ungekuja mwanzoni, alianza, halafu akaacha, akasema mionzi itafungua njia ya chakula, haitamaliza ugonjwa. Nilimwuliza mwanzoni ni lini. Hakutaka kujibu. Nikamwambia kahawa ilikuwa inachumwa, sasa maharage yameshavunwa. Nikafanya hesabu mwenyewe: miezi miwili yangu, iliyobaki yao.

Baba alichorwa alama za wino kifuani za kuelekezea mionzi, akaambiwa asizifute. Alizilinda kama cheo. Akioga nilisikia anaongea peke yake nyuma ya pazia, "Kushoto salama, kulia salama."

Ni kwenye benchi la kusubiri mionzi ndipo tulipomkuta Mzee Bundala, mkulima wa Nyarubungo, naye na chupa yake ya uji, naye na kitambaa chake. Waliulizana habari kama watu wa njia moja. Ikajulikana kwamba naye alipitia kwa mtaalamu yuleyule.

"Wewe alikutoa nini?" Mzee Bundala aliuliza.

"Ngozi," alisema Baba kwa ile sauti yake iliyobaki ya kukwaruza. "Ina manyoya."

"Hata mimi ngozi. Yako ya rangi gani?"

"Nyeusi."

Mzee Bundala akakuna kidevu. "Yangu nyeusi ina doa jeupe pembeni. Basi tumekula mbuzi mmoja, mzee mwenzangu. Wewe umepata mgongo, mimi nimepata tumbo."

Benchi zima lilicheka. Watu wenye mirija puani walicheka. Baba alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka nikamshika mabega, na alipotulia machozi yalikuwa yanamtoka na hayakuwa ya kicheko tena. Alitamka jina moja tu: Stani.

Nilitoa kopo begini nikamwonyesha. Nilimwambia nimekuwa nalo muda wote. Aliniangalia, na nilijua anachotaka kuuliza: kwa nini nilikaa nalo. Hakuuliza, kwa sababu angeniuliza hilo, nami ningemwuliza kwa nini Jumapili ile hakuinua kichwa. Tulikaa hivyo, wawili tuliomsaliti mtu mmoja, mpaka walipoita jina lake.

Baada ya mionzi ya tatu, muuguzi mmoja aliyekuwa anakunywa chai yake alimwuliza Baba kama amejaribu chakula. Akamenya ndizi mbivu iliyokuwa yake, akampa kipande. Baba alitafuna muda mrefu. Akameza. Akaweka kiganja kifuani kusikiliza kama inakwama, kisha akafungua kinywa kutuonyesha kwamba ni kitupu, kama mtoto anayethibitisha amekunywa dawa. Yule muuguzi alimpa ndizi yote na kurudi kazini na chai kavu. Simjui jina. Katika hadithi hii yeye ni miongoni mwa wachache nisiowadai kitu.

Tukarudi masika yakiwa yamekatika. Basi lilisimama Lusahunga ili abiria wapate chakula. Mzee Stani, tuliambiwa, alikuwa mlinzi wa uwanja wa malori pale pale njia panda. Baba hakuwa na nguvu za kushuka. Nilikimbia, nikamkuta ameketi kwenye gurudumu la zamani na fimbo yake. Nilimpigia magoti, shikamoo mzee. Aliitikia marahaba bila kunitazama. Nikamweleza: yuko kwenye basi, dirisha la nne, anaomba uje hata kwa dakika mbili. Nikamweleza habari ya mbuzi. Hakucheka.

"Mwambie nimesikia," alisema.

"Mzee, anakufa."

"Nimesikia. Mimi siendi mahali ninapoonjeshwa."

Nilirudi nikamwambia Baba neno kwa neno. Nilikuwa nimeamua kutomdanganya tena. Alikaa ameegemeza paji la uso kwenye kioo mpaka uwanja wa malori ulipopotea nyuma yetu.

Aliishi msimu mmoja zaidi. Kahawa iliiva tena, na alikuwa anaomba abebwe kwa kiti hadi kwenye ule mstari wa mibuni, anachuma punje zilizo karibu na mkono, anazitia kwenye kofia. Mkanda sasa ulizunguka na kubaki mkia mrefu. Aliuchomeka ndani ili usionekane. Alitengeneza upya ile kamba ya katani kwa ajili ya wajukuu. Shangazi alikuja kila siku, na sikumruhusu alete hata jani. Alisema nimemroga ndugu yake kwa vitabu.

Siku tatu kabla hajafa, mchana, Baba aliniita mimi na Mama. Sauti ilikuwa imebaki pumzi tu, nikainama. Alisema siku ya kumaliza msiba Stani ndiye atakayeleta pombe ya kwanza, Stani aonje kwanza mbele ya watu wote, na wa pili kunywa awe Modesta. Nikamwuliza, na Stani asipokuja? Alifunga macho.

"Wewe ndiye uliyekiweka kibuyu chini," alisema. "Wewe ndiye utakayekwenda kumwita."

Niliyaandika maneno yale kwenye daftari, Mama akatia dole gumba, kwa sababu namjua Shangazi yangu.

Siku ya maziko Mzee Stani alionekana. Alisimama ng'ambo ya mibuni na bereti yake ya zamani, hakuingia. Jeneza liliposhushwa alipiga saluti, akageuka. Nilimsikia Shangazi anamnong'oneza mwenzake kwamba mchawi huja kuhakikisha.

Kama kuna siku hasira yangu ilipata mifupa, ni siku ile.

Nilikwenda Lusahunga wiki ya kumaliza msiba. Nilipita kwanza kwa yule mtaalamu, kopo begini, maneno nimeyapanga. Nilikuta pamefungwa. Benchi lipo, ndoo imepinduliwa, mwenyewe kahamia wilaya nyingine, walisema, baada ya mgonjwa kufia mikononi mwake. Nimepeleka malalamiko ofisi ya wilaya na nimeonyesha kopo. Waliandika, wakaniambia nisubiri. Kusubiri nimejifunza. Nitamtafuta hata kama itanichukua miaka.

Mzee Stani alikuwa kwenye gurudumu lake. Nilimsomea daftari. Alisikiliza, kisha akauliza kitu kimoja.

"Siku ile ulikuwa kwenye dawa gani?"

"Sikuwa kwenye dawa, mzee. Niliogopa."

"Umesoma miaka mingapi?"

"Kumi na sita."

"Na uliogopa."

"Ndiyo, mzee."

Alichora mstari vumbini kwa fimbo, akaufuta kwa kiatu. Akauliza kama Modesta atakuwepo. Nikasema nitamkalisha mbele, kwenye kiti, si mkekani, ili kila mtu amwone vizuri. Kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile nilimwona Mzee Stani akitabasamu, na halikuwa tabasamu la mtu aliyesamehe.

"Basi nitakuja," alisema. "Nataka nimwone akinywa."

Walijaa watu kuliko siku ya maziko. Kaka yangu mkubwa, Deo, alisoma wosia kutoka daftarini, pamoja na ile sehemu ya pombe, na minong'ono ikapita kama upepo kwenye migomba. Mzee Stani akaingia na bereti, kibuyu kifuani. Akasimama katikati ya uwanja. Akavuta mrija, funda refu, koo lake likipanda na kushuka mbele ya macho ya watu wote. Akasubiri. Alisubiri muda mrefu makusudi, kama walivyokuwa wakisubiri kwenye visima. Kisha akampelekea Shangazi.

Shangazi alikitazama kibuyu. Mikono yake ilibaki mapajani.

"Niko kwenye dawa," alisema.

Sikutegemea kwamba maneno yangu mwenyewe yatanirudia kutoka kinywani mwake. Yalinichoma, na yaliponichoma nikapata ukatili niliouhitaji. Niliinuka, nikalifungua kopo, nikaliweka kwenye mapaja yake.

"Dawa gani, Shangazi? Hii?"

Niliwaeleza watu mle ndani kuna nini, na habari ya Mzee Bundala na doa lake jeupe. Mtu mmoja nyuma akauliza kama mbuzi mwenyewe alibaki na ngozi kweli. Wakacheka. Walikuwa walewale waliokuja Jumapili ile kumtazama Stani, na sasa walimcheka Modesta kwa midomo ileile. Sikuwaheshimu, ila niliwatumia. Shangazi alitazama kulia na kushoto. Hakuna aliyemsogelea. Akashika kibuyu kwa mikono miwili, akavuta. Mzee Stani hakukipokea mpaka Shangazi alipovuta mara tatu. Nilihesabu. Machozi yalimtoka, naye ni dada aliyempoteza ndugu, najua hilo, na sikumwonea huruma. Hadi leo nikikutana naye namwamkia shikamoo, kwa sababu ni shangazi yangu. Zaidi ya hapo hana chake kwangu.

Kibuyu kikazunguka, na kwa kila mtu Mzee Stani alionja upya kabla ya kumpa, bila haraka, akimtazama usoni kila mmoja: katekista, majirani, mwenyekiti wa kitongoji. Waliinamisha vichwa wakinywa. Nilikuwa wa mwisho. Niliona anakuja, nikangoja aweke mrija mdomoni.

Hakuuweka. Alinipa kibuyu moja kwa moja mkononi, kama alivyokuwa akimpa Baba.

"Wewe sikuonjei," alisema.

Sijui mpaka leo kama alikuwa ananirithisha kitu au ananilipiza. Nadhani yote mawili. Nilisikia ile harufu ya ndizi. Nikauweka mrija mdomoni, nikavuta, nikavuta tena, sikupumzika, mpaka kibuyu kikaanza kukoroma.